Tangi Lililokaa Tupu: Kabla Mvua Haijaingia

Leo tuzungumze juu ya lile tangi lililo kando ya nyumba yako. Kiangazi chote limekaa tupu, au limebaki na maji kidogo chini ambayo hakuna anayeyataka. Sasa mawingu yameanza kukusanyika. Iwe ni mvua ya masika mwezi wa Machi au ya vuli mwezi wa Oktoba, maji ya kwanza yatateremka kutoka kwenye mabati, yaingie tangini, na baada ya siku mbili mtoto atakuwa na kikombe mkononi.

Wengi wetu hufanya nini? Tunafungua mfuniko, tunamimina nusu chupa ya ile dawa ya kung'arisha nguo tunayoiita Jik hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine, tunafunga, basi. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo. Kesho yake nilinusa, harufu ya dawa ilikuwa imeisha, nikafurahi kwamba maji yako tayari. Kumbe kuisha kwa harufu ndiko kulikokuwa dalili mbaya.

Nguvu ya dawa hiyo ni klorini, na klorini haichagui cha kupigana nacho. Ikikutana na tope, majani yaliyooza, kinyesi cha ndege au utando wa utelezi ukutani, humalizikia hapo. Viini vya kuhara vilivyojificha ndani ya tope hubaki salama kabisa. Kwa hivyo mama, kazi ya kwanza ni brashi. Dawa inakuja nyuma yake.

Mwaga maji yote yaliyobaki. Kwa brashi yenye mpini mrefu, sugua kuta na sakafu, suuza, mwaga tena, mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Usiziruke kuta hata kama zinaonekana kavu. Mbu aina ya Edesi, yule anayeeneza homa ya dengi, hupenda maji safi ya kuhifadhiwa, na hutaga mayai yake ukutani juu kidogo ya maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, kisha maji yakiyafikia yanaanguliwa. Wenzetu wa Mombasa walioiona dengi mwaka wa 2013 na tena mwaka wa 2017 hawahitaji kuhadithiwa.

Hapa nitasema jambo moja kwa ukali kidogo. Usimteremshe mtoto ndani ya tangi eti kwa sababu yeye ndiye anayepita kwenye mlango mdogo. Tangi lenye uchafu unaooza huweza kukosa hewa, na mtu huzimia kabla hajapiga kelele. Ukiongeza mvuke wa klorini, hatari inazidi. Safisha ukiwa nje. Tangi likiwa kubwa mno, lilaze ubavu kama ni la plastiki, au mwite fundi mzoefu, na awepo mtu wa pili wa kumwangalia.

Sasa kagua vyombo. Gata zina majani? Toa. Wavu wa mlangoni na wa bomba la kumwagia maji ya ziada umetoboka? Badilisha, maana mbu hupita hapo. Kile kiboya kinachofunga maji ya kanjo tangi likijaa, kiinue na ukishushe kwa mkono uone kama kimekwama. Mfereji ukivuja, mara nyingi ni ile raba ndogo ya ndani iliyolika, na bei yake si kitu. Mfuniko lazima ufungike vizuri, na pasiwe na jiwe au ndoo ya kumpandisha mtoto karibu nao.

Baada ya hapo ndipo dawa. Nunua chupa mpya, kwa sababu klorini hupungua nguvu ikikaa muda mrefu au ikikaa juani. Soma kibandiko: iwe haina manukato wala sabuni. Kama imeandikwa asilimia 3.5, tangi la lita 1000 linahitaji kama lita moja na nusu. Jaza maji robo tangi, mimina dawa, kisha lijaze mpaka juu. Fungua mfereji mpaka usikie harufu ya klorini, uufunge, uache saa 24. Maji hayo hayanyweki. Yatumie kuosha sakafu na choo, lakini usiyamwage kwenye mboga wala mtoni.

Najua unachouliza: maji ya kujaza tangi zima kisha nimwage, nitayatoa wapi wakati huu? Swali ni la haki. Kuna njia ya pili. Katika ndoo ya lita 20 ya maji safi tia mililita 120 za dawa hiyo hiyo, yaani kama nusu kikombe cha chai. Vaa glavu, simama nje, upake kuta zote na sakafu kwa ile brashi ndefu. Acha dakika 30, kisha suuza. Tangi la bati nalo ni bora litumie njia hii, kwani klorini nyingi ikikaa humo hula chuma. Kwa njia yoyote ile, usichanganye dawa hii na ya kusafishia choo. Mbili hizo zikikutana hutoa hewa ya sumu.

Mvua ya kwanza ikinyesha, usiikaribishe tangini. Inaosha paa: vumbi, kinyesi cha ndege, mjusi aliyekufa. Geuza bomba la gata imwagike nje. Paa la mita 8 kwa 5 likipata mvua ya milimita moja tu hutoa lita 40, yaani mitungi miwili ya lita 20. Acha angalau hiyo ipite, na baada ya kiangazi kirefu acha mara mbili yake.

Je, maji yanayofuata yanyweke moja kwa moja? La. Tangi safi hupunguza viini, haliyamalizi. Ya kunywa yatibu mtungini kwa dawa ya maji inayouzwa dukani, kwa kipimo cha kibandiko, ukoroge na kusubiri dakika 30. Kisha nusa. Harufu hafifu ya klorini ikiwepo, mpe mtoto. Isipokuwepo, uchafu umeimaliza dawa: rudia kipimo, usubiri dakika 30 nyingine. Maji yakiwa na vumbi yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa, na utie kipimo maradufu kama kibandiko kinavyoeleza.

Maji yakigeuka kijani, mwanga unaingia tangini: lifunike, lipake rangi nyeusi kwa nje au ulitie kivulini. Yakinuka mayai yaliyooza, tope limebaki chini na limekosa hewa, rudi kwenye brashi. Tangi jipya la saruji lina yake. Saruji huachia chokaa, na chokaa hiyo huipunguza klorini nguvu, kwa hivyo lijaze na kulimwaga mara mbili tatu kwanza, na kwa miezi ya mwanzo ni heri uchemshe maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa. Wewe wa Nakuru au sehemu nyingine za Bonde la Ufa unayechanganya maji ya mvua na ya kisima, elewa kwamba klorini haiondoi floridi inayotia meno rangi ya kahawia. Mwekee mtoto maji ya mvua ya kunywa.

Mtoto asiyetimiza miezi 6 hahitaji maji haya kabisa, hata yawe safi vipi. Anyonye tu. Na mtoto akiharisha, usingoje kulaumu tangi: mpe ORS, uende zahanati upewe na zinki. Akiwa na damu chooni, macho yaliyobonyea au amekataa kunyonya, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya mtungi wenyewe, hasa ule wa shingo nyembamba usioingia mkono, na jinsi ya kuusugua kwa mchanga na kokoto. Kwaheri kwa sasa.