Betri ya sola haijai? Anzia juu ya bati kabla ya kununua nyingine

Saa mbili usiku taa za sola zinawaka kama kawaida. Saa tatu na nusu zinaanza kufifia, na saa nne nyumba nzima iko gizani huku simu imebaki na asilimia tatu. Kwa nyumba ya watu wazima watupu hiyo ni kero tu. Kwa nyumba yenye mtoto aliyeamka na homa, ni kupima dawa ya maji kwa mwanga wa koroboi, na kumpigia dereva wa bodaboda kwa simu inayoweza kuzima kabla hajapokea.

Tatizo hili wanalijua vizuri wazazi wa Mkuyuni, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, hasa wenye nyumba zilizojificha kati ya migomba na mifenesi, mbali na barabara iendayo Matombo na Kisaki, ambako sola ndiyo umeme wenyewe. Neno la kwanza linalosemwa huwa ni moja: betri imekufa. Linalofuata ni kutafuta fedha ya betri mpya, fedha ambayo ingenunua sare na madaftari ya watoto wote. Betri mpya inafungwa, na baada ya miezi michache giza linarudi.

Mara nyingi betri haikufa. Ina njaa. Kinachoingia mchana ni kidogo kuliko kinachotoka usiku.

Mkuyuni ina mambo yake katika hili. Milima iko magharibi, kwa hiyo jua la jioni hujificha nyuma ya vilele mapema kuliko inavyoonyesha saa. Mteremko huu wa mashariki ndio unaopokea upepo wenye mvua kutoka Bahari ya Hindi, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, wingu linaweza kukaa siku nzima. Paneli ambayo ingetosha nyumba ya Dodoma inaweza isitoshe hapa.

Kwa hiyo anzia juu ya bati. (Apande mtu mzima, kwa ngazi iliyoshikwa, si mtoto kwa sababu ni mwepesi.) Angalia kivuli kwanza. Jani moja la mgomba likifunika kona ya paneli, hupotezi kona hiyo tu. Vipande vya ndani ya paneli vimeunganishwa kwa mstari, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akizubaa, mstari wote unasimama. Mgomba uliokuwa chini ya bati mwaka paneli ilipofungwa leo huenda umeipita. Angalia saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, kwa sababu kivuli kinahama.

Kisha futa vumbi na kinyesi cha ndege kwa kitambaa na maji, asubuhi kabla paneli haijapata moto. Na kwa kuwa Tanzania iko kusini mwa ikweta, paneli ielekee kaskazini, ikiinama kidogo, nyuzi 10 hadi 15 hivi. Mwinamo huo unatosha mvua kuiosha yenyewe.

Ukishuka, fuata waya. Waya mwembamba wa taa uliovutwa mita kumi kutoka paneli hadi betri hula sehemu ya umeme njiani. Viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni navyo hupata kutu. Kwenye vichwa vya betri, ule unga mweupe au wa kijani unazuia chaji. Zima matumizi, funika au chomoa paneli, fungua vichwa ukianza na wa hasi, safisha kwa brashi na maji ya uvuguvugu yenye soda ya kuokea, bila kuyaruhusu yaingie ndani ya betri. Kausha, kaza, paka vaselini kwa juu. Wakati wa kurudisha, betri iunganishwe na kontrola kwanza, paneli baadaye.

Kama giza bado linakuja saa nne, tafuta fundi mwenye mita, na umwombe apime mbele yako. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipimwa asubuhi kabla ya jua na bila kitu kinachotumika, inasoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2 iko kwenye nusu. Ikiwa chini ya 11.9, imekaushwa, na kila usiku wa namna hiyo unaipunguzia umri. Kipimo cha pili kifanywe saa sita mchana jua likiwaka: kwenye vichwa vya betri isomeke zaidi ya 13, na inapokaribia kujaa ifike 14 na kitu. Ikibaki 12 na jua kali, chaji haifiki, na kosa liko kwenye paneli, waya au kontrola. Ikipanda haraka mchana kisha ikaporomoka mara tu taa zikiwashwa, hapo ndipo neno la kuchoka linaistahili betri.

Kuna nyumba ambazo kila kifaa ni kizima ila hesabu imekataa. Paneli ya wati 50 kwa siku nzuri huingiza takriban wati-saa 150 hadi 200. Runinga ya wati 30 kwa saa nne ni 120. Taa tatu za wati tano kwa saa tano ni 75. Simu tano, za nyumbani na za jirani aliyekuja kuchaji, ni kama 50. Jumla ni 245. Hapo fundi hana la kufanya. Ni wazazi kuamua kama runinga izimwe baada ya taarifa ya habari ili taa ya chumba cha mtoto ifike alfajiri. Wakati wa masika, kata zaidi.

Baadhi ya mafundi, kontrola ikiharibika, huunganisha paneli moja kwa moja kwenye betri. Taa zitawaka, ila betri itachemka hadi maji yake yaishe. Betri zenye vifuniko huhitaji kuongezwa maji ya betri, yale yaliyochujwa yanayouzwa vituo vya mafuta, hadi yafunike sahani za ndani. Usiongeze tindikali, wala maji ya mtoni. Na betri ya gari si mbadala mzuri: imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kulisha taa usiku kucha.

Mahali betri inapolala nako ni suala la mzazi. Nyumba nyingi huiweka chumbani kwa kuhofia wezi, mara nyingi chini ya kitanda. Ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche, na koroboi au kiberiti cha kuangalia kama betri inachemka ni cheche tosha. Iwekwe penye hewa, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu na kufuli, juu kuliko mkono wa mtoto anayetambaa.

Tindikali isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Ikimmwagikia mtoto, mvue nguo na mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, bila mafuta wala dawa ya meno. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo kisha kimbilia kituo cha afya. Akiinywa, msukutulishe kwa maji, usimtapishe, mpeleke mara moja.

Betri iliyokufa kweli isigeuzwe kigoda, wala isipasuliwe uani kutolewa risasi ya kutengenezea uzito wa nyavu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto hufyonza mara nne hadi tano ya anachofyonza mtu mzima. Mwaka 2009 huko Owino Uhuru, Mombasa, Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu wakati mwanawe mchanga alipougua. Vipimo vilionyesha ni risasi. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Duka linalokuuzia betri mpya liulize kama linapokea ile kuukuu. Mengi hupokea na kukupunguzia bei. Ibebwe ikiwa wima, vifuniko vimekazwa, na mtoto asipakizwe kwenye bodaboda hiyo hiyo.