Plagi ya Joto Iliyokwama: Fizikia katika Kichwa cha Injini ya Dizeli

Mtu anayejaza upepo katika gurudumu la baiskeli hutambua upesi kwamba pampu hupata moto, hasa upande ule hewa inakotokea. Joto hilo halitokani na msuguano peke yake. Hewa inapobanwa kwa ghafula katika nafasi ndogo, kazi iliyofanywa na mkono hugeuka kuwa nishati ya molekuli zake, na joto lake hupanda. Juu ya ukweli huu ndipo ilipojengwa injini ya dizeli. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel aliomba hataza ya wazo lake mwaka 1892, na mwaka 1897 injini yake iliyofanya kazi vizuri ilionyeshwa katika mji wa Augsburg. Injini ya namna hiyo haina plagi ya cheche kama ile ya petroli. Hewa hubanwa peke yake mpaka ipate joto kali, kisha mafuta hupulizwa ndani yake, nayo huwaka yenyewe.

Hata hivyo, katika magari mengi madogo ya dizeli ya zamani mafuta hayapulizwi moja kwa moja juu ya pistoni. Hupulizwa kwanza katika chumba kidogo kilichomo ndani ya kichwa cha silinda, kiitwacho chumba cha awali. Gari la Mercedes-Benz 260 D, lililotolewa mwaka 1936, lilitumia mpango huo, na magari mengi yaliyofuata yakauiga. Faida yake ni kwamba mwako huwa wa taratibu na kishindo hupungua. Hasara yake ni kwamba kuta za chumba hicho ni pana zikilinganishwa na hewa kidogo iliyomo, kwa hiyo hunyonya joto jingi.

Hapa ndipo hesabu ya darasani inapohitaji kuangaliwa kwa makini. Hewa yenye joto la nyuzi 20 za Sentigredi ikibanwa mpaka ujazo wake uwe sehemu moja ya 22, kanuni hutoa joto linalozidi nyuzi 700. Dizeli huweza kuwaka yenyewe katika joto la kiasi cha nyuzi 250. Ingeonekana kwamba hapana haja ya msaada wowote. Lakini kanuni hiyo huchukulia kwamba hapana joto linalopotea. Asubuhi yenye baridi stata huzungusha injini polepole, hewa huvuja kandokando ya ringi za pistoni, na chuma baridi hunyang'anya joto lililopatikana. Kinachobaki huenda kisitoshe kuyageuza mafuta kuwa mvuke na kuyawasha kwa wakati wake.

Kwa sababu hiyo kila chumba cha awali hutiwa plagi ya joto, ambayo mafundi wengi huiita hita plagi. Ni bomba jembamba la chuma lenye waya uliosokotwa ndani yake, na waya huo umezungukwa na unga wa oksidi ya magnesi. Dereva anapofungua ufunguo, mkondo wa umeme hupita katika waya, na ncha ya plagi hufikia joto la zaidi ya nyuzi 800. Mafuta yanayoigusa ncha hiyo huanza kuwaka, na moto huenea katika silinda.

Umuhimu wa kifaa hiki hubadilika kwa mahali. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani, na alfajiri za Juni na Julai ni za baridi kali. Gari lililozoea kuwaka Dar es Salaam huku plagi zake mbili zimekufa huweza kukataa kabisa kuwaka katika nyanda hizo. Kwa zahanati yenye gari moja tu la kubebea wagonjwa, jambo hilo si la usumbufu mdogo: laweza kuwa suala la uhai.

Madereva wengine hujaribu kuepa tatizo kwa kupuliza etha katika njia ya hewa. Hiyo ni hatari kubwa. Etha huwaka katika joto la chini kuliko dizeli. Ikikutana na plagi iliyo nyekundu, hulipuka wakati pistoni ingali inapanda. Ringi huweza kuvunjika, na hata fito za pistoni kupinda. Dawa ya kweli ni kuibadili plagi iliyokufa.

Kupima kabla ya kufungua

Gari lenye plagi mbovu huchelewa kuwaka, hutikisika kwa dakika chache za mwanzo, na hutoa moshi mweupe, ambao ni mvuke wa mafuta yasiyoungua. Dalili hizo zaweza kutokana na ubovu mwingine pia, kama vile nozeli chafu au silinda iliyochakaa. Yafaa basi kupima kwanza. Fundi huondoa ukanda wa chuma unaoziunganisha plagi, kisha huchukua taa ndogo ya volti 12. Waya mmoja wa taa huungwa kwenye chanya ya betri, na mwingine hugusishwa kwenye kichwa cha plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani ni mzima, isipowaka, umekatika.

Mwanafunzi aweza kuitumia hapa kanuni ya Ohm. Plagi yenye ukinzani wa omu 1, ikipewa volti 12, hupitisha ampea 12. Injini ya silinda 6 yenye plagi zilizoungwa sambamba huhitaji basi ampea 72 kwa mara ya kwanza, kabla waya haujapata moto na ukinzani wake kupanda. Ndiyo maana betri dhaifu huifanya hata plagi nzima ionekane mbovu. Katika injini kadhaa za Mercedes-Benz za miaka ya 1970 plagi ziliungwa kwa mfululizo: moja ikikatika, zote huzimika. Zilizoungwa sambamba hufa moja moja, na dereva huweza kukaa muda mrefu bila kujua.

Sababu za kukwama

Plagi hukaa miaka mingi mahali penye joto, unyevu na moshi, nayo hukwama kwa njia tatu. Kwanza, kutu hujaa katikati ya meno ya plagi na meno ya kichwa cha silinda. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huyabana meno hayo kama kabari. Pili, masizi magumu hujikusanya kuizunguka ncha na kuifunga katika tundu lake. Tatu, plagi iliyounguzwa kwa umeme usiokatika au kwa nozeli mbovu huvimba nchani. Plagi ya namna hiyo huweza kuzunguka vizuri katika meno yake, lakini ikakataa kutoka kwa sababu ncha imekuwa pana kuliko tundu.

Hatari ya mpini mrefu

Fundi asiye na subira huchukua bomba na kurefusha mpini wa spana. Kanuni ya wenzo yaonyesha kosa lake. Momenti ni kani ikizidishwa na urefu wa mpini. Plagi yenye meno ya milimita 10 haipaswi kupewa momenti inayozidi kiasi cha nyutoni-mita 35 wakati wa kuifungua. Ile ya milimita 12, kiasi cha 45. Zaidi ya hapo shingo yake nyembamba huweza kukatika.

Kwa spana yenye urefu wa sentimeta 20, nyutoni-mita 35 zahitaji kani ya nyutoni 175, yaani kama uzito wa kilo 18. Mkono huhisi wazi kwamba unatumia nguvu. Mpini ukirefushwa mpaka sentimeta 60, kani inayohitajika ni nyutoni 58 tu, kama uzito wa kilo 6. Mkono hauoni taabu yoyote, na plagi hukatika bila kutoa onyo. Wenzo uliompunguzia fundi kazi ndio uliomnyima habari. Ncha ikibaki ndani, huenda kichwa chote cha silinda kikabidi kufunguliwa. Na ikiangukia kwenye silinda, injini isizungushwe hata mara moja mpaka itolewe, kwani yaweza kuiharibu pistoni.

Muda, mafuta na joto

Mwenda pole hajikwai. Siku mbili au tatu kabla ya kazi, mafuta mepesi ya kulegeza kutu hutiwa kuzunguka shina la kila plagi, asubuhi na jioni. Mafuta hayo hupenya katika nyufa nyembamba kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa katika utambi. Kati ya siku hizo gari huendeshwa kama kawaida, kwa maana kupata moto na kupoa kwa zamu huisumbua kutu na kufungua njia mpya.

Siku ya kazi, injini huwashwa mpaka ifikie joto lake la kawaida, kisha huzimwa na betri hutenganishwa. Mikono yapasa kulindwa, maana chuma kinaunguza. Ikiwa kichwa cha silinda ni cha alumini, joto husaidia kwa namna inayopimika. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Joto likipanda kwa nyuzi 60, tundu la milimita 10 hupanuka kuliko plagi kwa kama sehemu 7 katika elfu moja ya milimita. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini hupunguza mbano. Kichwa cha chuma cha kalibu hutanuka karibu sawa na plagi. Huko faida ya joto ni kuyafanya mafuta yapenye na kuilegeza kutu.

Kisha spana yenye kipimo huwekwa kwenye kikomo kilichotajwa. Plagi ikisogea kidogo, hurudishwa nyuma, mafuta yakaongezwa, ikasogezwa tena, mbele na nyuma, mpaka iwe nyepesi. Ikigoma kwenye kikomo, kazi husimamishwa. Mafuta hutiwa tena na gari hurudishwa barabarani kwa siku nyingine. Kusimama huko si kushindwa.

Plagi ikiisha kutoka, tundu husafishwa kwa kifaa maalumu cha kukwangulia masizi, kilichopakwa grisi ili kiyanase. Injini huzungushwa kidogo kwa stata kabla ya kufunga, ili masizi yaliyobaki yatupwe nje, na watu wote wakae mbali na matundu. Plagi mpya huanza kuzungushwa kwa vidole. Meno yake hupakwa grisi kidogo ya kuvumilia joto, nayo hukazwa kwa momenti ndogo iliyoelezwa na mtengenezaji. Kwa plagi nyingi za milimita 10 hiyo ni kati ya nyutoni-mita 12 na 18.

Mwalimu wa fizikia aweza kulileta jambo hili darasani bila gari. Boliti mbili zilizoshika kutu hufungwa kwenye jiliwa, moja ikiwa imelowekwa kwa mafuta kwa siku 3 na nyingine ikiwa kavu. Mizani ya springi hufungwa kwenye mwisho wa spana, ikavutwa kwa pembe mraba, na kani inayotikisa kila boliti huandikwa. Wanafunzi wakizidisha kani hiyo kwa urefu wa spana watapata momenti mbili za kulinganisha. Tofauti kati ya tarakimu hizo ndiyo kazi ambayo mafuta na muda vimeifanya badala ya msuli.