Goma: mabaki ya leni ya triko yageuka mapambo ya nywele, lakini saa za kazi nazo zihesabiwe

Mama anayefuma triko za watoto hakosi mfuko mmoja pembeni. Ndani mna vipande vya leni: mita tano nyekundu, mita kumi za manjano, ncha zilizobaki kazi ilipoisha. Katika muji wa Goma, ulio karibu mita 1.500 juu ya bahari na ambako baridi ya asubuhi inamlazimisha kila mzazi kufunika mtoto, mfuko huo unajaa haraka. Wengine wanajazia mito. Wengine wanautupa.

Kuutupa ni hasara, maana uzi ule umekwisha kulipwa na mteja wa triko. Elastiki ya nywele, bando la kichwa au ua dogo la kushikiza kwenye kibano vinaweza kutoka humo, na cha kununua ni mpira na kibano tu. Hesabu hiyo ina uzito Goma, ambako benki zilifunga milango Januari 2025, M23 ilipouteka muji. Mshahara usipoingia, kitu kinachouzwa kwa makuta ya mkononi, palepale, ndicho kinachonunua unga wa jioni.

Anayeanza aanze na elastiki. Chukua elastiki ya kawaida ya nywele na kroshe namba 4. Funga uzi kwenye mpira, kisha uzungushe wote kwa vitanzi vifupi vilivyobanana, kama 40, hadi mpira usionekane. Mzunguko wa pili ndio unaoleta mikunjo: katika kila tundu ingiza vitanzi virefu 3, si 1. Nafasi ni ile ile, vitanzi ni mara tatu, kwa hiyo vinakosa pa kulala na vinajikunja vyenyewe. Gramu 10 hadi 15 za leni zinatosha. Rangi ikiishia katikati, unganisha nyingine. Hapo mchanganyiko ndio uzuri. Uzi ukiwa mwembamba, shika nyuzi mbili pamoja.

Bando linataka kipimo. Zungusha utepe kichwani, kisha ondoa sentimeta 5, kwa sababu kazi ya kroshe inavutika ikivaliwa. Kichwa cha sentimeta 55 kinapata bando la 50. Likifumwa sawa na kichwa, baada ya wiki litakuwa linaanguka machoni.

Kosa linalofukuza wateja ni dogo sana: ncha ya uzi kukatwa fupi. Acha sentimeta 15, uipitishe kwa sindano ndani ya kazi, kwenda na kurudi. Bila hivyo, kitu kinafumuka siku ya kwanza ya kufuliwa, na mteja harudi.

Sasa nywele zenyewe, jambo ambalo wauzaji wengi hawalizungumzi. Nywele zetu za kipilipili hukauka upesi. Pamba na sufu hunywa mafuta yake, na leni ngumu inazisugua hadi zinakatika, hasa pale mbele kwenye paji. Dawa yake iko kwa fundi wa nguo wa jirani: vipande vya sateni anavyofagia. Shona sateni upande wa ndani wa bando na nywele zitateleza badala ya kusuguliwa. Tena, elastiki isibane. Nywele zinazovutwa kila siku huanza kutoka kwenye paji na pembeni, na zikivutwa miaka, mizizi inakufa na hazioti tena. Kwa msichana wa miaka 8, hilo si jambo la kuchezea.

Kama hujui uzi ulionao ni wa namna gani, choma kipande kidogo. Akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu. Pamba inaungua kama karatasi. Sufu inanuka nywele zilizoungua.

Inabaki bei, na hapa wamama wanajidhulumu wenyewe. Kwa kuwa uzi ni wa bure, wanauza kana kwamba na mikono ni ya bure. Tuseme elastiki inachukua nusu saa na bando saa mbili. Ukiuza bando kwa bei ya elastiki mbili, umetoa saa nzima bila malipo. Afadhali kufuma elastiki nne. Bando lifumwe kwa aliyeagiza na kutanguliza nusu ya bei.

Rangi nazo zina majira. Nyekundu na manjano zinafaa sikukuu za Desemba. Nyeupe na buluu nzito, rangi za sare ya shule, ziwekwe kando hadi mwisho wa Agosti, wazazi wanapotayarisha mwanzo wa masomo. Kabla ya kufuma nyingi, uliza kwanza shule za mtaa wako: kuna zinazokubali elastiki ya rangi ya sare, na kuna zinazokataa pambo lolote kichwani.