Arosto Iliyotoka Kwenye Kidonge

Mtu anayejidunga heroini akianza dawa za kufubaza VVU, kisha akalalamika kwamba nyayo zinamwaka moto, lawama zote huangukia unga. Ni lawama rahisi, na mara nyingi si ya haki. Tanzania ilipoanza kugawa ARV bure mwaka 2004, wengi walipewa mchanganyiko wenye stavudini. Dawa hiyo hujifanya tofali halali la kujengea DNA. Kirusi kikilipokea, ujenzi unakwama. Lakini mitokondria, zinazozalisha nishati ya seli, nazo hunakili DNA yao, na kimeng'enya chao, polimerasi gama, hudanganyika vilevile. Nishati ikipungua, mishipa ya fahamu ya miguuni hufa ganzi, mashavu hubonyea, asidi ya laktiki hujaa damuni. Anayejidunga anaweza pia kuwa na homa ya ini C aliyoipata kwa kuchangia sindano, pengine pombe, pengine isoniazidi ya kifua kikuu, ambayo nayo huumiza mishipa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iachwe.

Madhara ya pili yako kwenye seli za ini, na haya hayaonekani kwa macho. Kliniki ya methadoni, dawa mbadala ya heroini, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, miongoni mwa ARV zilizotumika ilikuwamo efavirenzi, dawa inayochochea vimeng'enya vya ini kuvunja methadoni haraka. Kiwango cha methadoni damuni hushuka kwa karibu nusu, na ndani ya wiki moja au mbili arosto inarudi: miayo, jasho, tumbo kusokota. Mgonjwa amekunywa dozi ileile mbele ya muuguzi. Akirudi maskani kutafuta kete, ataambiwa hana nia ya kuacha! Kumbe alihitaji kuongezewa methadoni tu.

Wapo watakaosema teja hamezi dawa kwa mpangilio, kwa hiyo mjadala wa madhara ni anasa. Ushahidi unakataa. Utafiti uliofanyika Ukraine, Indonesia na Vietnam, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa wanaojidunga wakisaidiwa kufika kliniki na kupewa ushauri, vifo vyao hupungua kwa takriban nusu. Wengine watasema ARV ya dolutegravir, iliyoingia nchini mwaka 2019, imemaliza tatizo. Imelipunguza sana, maana haigusi methadoni. Ila tenofovir inayofuatana nayo inaweza kuumiza seli za figo, na rifampicini ya kifua kikuu huvunja methadoni na dolutegravir zote mbili.

Kwa mkazi wa Bujonde, wilayani Kyela, kosa la namna hii ni ghali. Methadoni iko Mbeya mjini, zaidi ya kilometa 100 kupitia Tukuyu, na huanza kwa kunywewa kila siku kliniki. Mhudumu wa Kyela anayempokea mgonjwa mwenye arosto isiyoeleweka aulize kwanza ni kidonge gani kimeongezwa, na lini. Kama ni rifampicini, dolutegravir itolewe miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, na kliniki ya Mbeya ipigiwe simu siku hiyohiyo.