Antestia, Mdudu Aharibuye Kahawa ya Butihinda

Askari mzaliwa wa tarafa ya Butihinda, huko Muyinga, arudipo nyumbani likizoni huikuta mibuni ya wazazi wake imesimama vilevile, majani yakimetameta. Haoni dalili ya adui. Hata hivyo, tukilipindua jani moja, huenda tukamkuta.

Jina lake antestia. Urefu wake haufiki sentimita moja. Umbo lake ni la ngao, mweusi mwenye mabaka meupe na ya rangi ya chungwa. Jike hutaga mayai chini ya jani, mara nyingi 12 kwa pamoja. Mdudu huyu hatafuni. Ana mdomo mfano wa sindano, ambao huudunga katika machipukizi, maua na buni changa, akafyonza utomvu. Maua hukauka, buni hudondoka.

Hasara hiyo ingevumilika. Iliyo mbaya zaidi ni ile ya baadaye, kwani penye tundu hilo bakteria hupata njia ya kuingia, na punje ikapata harufu ya kiazi kibichi. Mmoja wa bakteria hao alielezwa na wataalamu mwaka 2015, akaitwa Pantoea coffeiphila. Ila hiyo yajulikana Burundi, Rwanda, Kivu na Uganda. Punje moja yatosha kuharibu kikombe kizima, nayo mara nyingi haitambulikani kwa macho. Mnunuzi wa Ulaya akionja kikombe cha namna hiyo aweza kuikataa shehena yote, na anayeumia ni mzee yule aliyepalilia mwaka mzima.

Basi adui huyu apigwe shambani, kabla ya mavuno. Apendacho ni mbuni uliosongamana, wenye giza ndani. Mbuni uliopogolewa ukapenya jua humfukuza. Buni zilizosalia mtini baada ya mavuno ziondolewe zote, maana ndizo akiba yake. Dawa ya pareto humwua, lakini isimwagwe ovyo: wako nyigu wadogo mno watagao ndani ya mayai yake, nao ni askari wenzetu. Buni zilizovunwa zitiwe majini, na zile zielezazo zitengwe.

Wako wasemao kwamba hayo ni ya bwana shamba peke yake. Hatukubaliani nao. Mavuno ya Burundi huanza yapata Machi na kumalizika Julai. Atakayepata likizo mwezi wa Agosti atawakuta wazee wakihitaji mkono wenye nguvu wa kushika msumeno wa kupogolea.