Ukimsoma Mboya, msome na Odinga

Noti ya mia tano, tisheti moja na chapati kwa maharagwe. Hiyo ndiyo bei yangu ilivyokuwa mwaka wa 2022, siku niliyopanda basi kwenda kumpigia kelele mwanasiasa ambaye hata sera zake sikuzijua. Doo ilisaidia, siwezi kudanganya. Lakini kilichonitoa kitandani ni maneno mawili: “mtu wetu.”

Huku Maringo maneno hayo yana nguvu kuliko manifesto yoyote. Kila nyumba ina mtu wake. Kwa jirani wa kushoto, picha ya Mzee Jomo Kenyatta iko juu ya TV. Kwa jirani wa kulia ni Jaramogi Oginga Odinga. Pale kwa kinyozi, ubishi wa nani alileta uhuru unaweza kuanza saa nne asubuhi na uishe stima ikipotea. Ila ukiuliza nani amesoma kitabu cha huyo shujaa wake, kimya. Mimi pia nilikuwa hivyo. Waanzilishi wa taifa niliwakariri kwa ajili ya mtihani wa Historia kidato cha nne, nikawasahau wiki iliyofuata.

Kusoma nilianza kwa bahati tu. Chuo nilikuwa nimekiacha mwaka wa pili, karo ilipokatika. Siku moja nikiwa tao nikasimama kwa “inama bukshop”, vile vitabu vinavyotandazwa chini kando ya barabara. Nikaona Freedom and After, kitabu cha Tom Mboya kilichotoka 1963. Muuzaji alitaka mia mbili, tukaelewana mia na hamsini.

Jamani, nilijiona humo ndani. Mboya aliacha shule ya Mangu kwa sababu ya karo. Akasomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Akiwa na miaka 23 tayari alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Akiwa na 26, mwaka wa 1957, akachaguliwa kuingia baraza la kutunga sheria. Mwaka wa 1959 alisaidia kupeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 kusoma Marekani. Na baadaye akawa mbunge wa eneo linaloitwa sasa Kamukunji, hapa tu kwetu Eastlands!

Kwa wiki mbili sikunyamaza. Kila mtu pale kwa kinyozi alijua habari za Mboya, atake asitake. Hadi mzee mmoja fundi wa viatu, anayeketi mlangoni, akaniita.

“Kijana wangu, umesoma vizuri. Sasa nenda ukamsome mwenye aligombana naye. Mtu akijisimulia mwenyewe hawezi kukuonyesha mahali alimkanyaga mwenzake.”

Nikatafuta Not Yet Uhuru cha Odinga, kilichotoka 1967. Alikuwa makamu wa rais wa kwanza, akajiuzulu Aprili 1966. Hapo sasa nikakutana na Mboya mwingine. Mwezi mmoja kabla ya hapo, kwenye mkutano wa KANU kule Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama kilikatwa vipande vinane, kimoja kwa kila mkoa, na Odinga akabaki nje. Mmoja wa mafundi wakuu wa mpango huo alikuwa Tom Mboya. Wajaluo wawili! Hesabu yangu ya “mtu wetu” ikaanza kukataa.

Ikakataa kabisa nilipofika kwa Bildad Kaggia na kitabu chake cha 1975, Roots of Freedom. Kaggia alitoka Murang'a, na alifungwa pamoja na Kenyatta kwenye kesi ya Kapenguria. Kwa hesabu ya mtaa alipaswa kuwa ubavuni mwa Mzee hadi mwisho. Lakini alitaka wasio na ardhi wapewe bure. Mwaka wa 1964 akatoka serikalini, na 1966 akawa upande wa Odinga katika chama cha KPU. Mwaka wa 1965 Kenyatta alikuwa amemuuliza hadharani amejifanyia nini, ilhali wenzake waliofungwa naye wamejijenga.

Hilo swali lilinichoma. Si ndilo tunaloulizana hadi leo? Mtu akisimamia ukweli, tunamuuliza gari lake liko wapi.

Na Kenyatta nilimsoma pia, Suffering Without Bitterness cha 1968. Nimpe haki yake: mtu aliyenyimwa uhuru karibu miaka tisa akatoka akihimiza watu wasamehe yaliyopita, hilo si jambo dogo. Lakini ukimsoma baada ya Kaggia, unabaki ukijiuliza kama yule mkulima asiye na shamba alisamehe akala nini.

Sisemi kabila halikuwepo. Lilikuwepo, na lilitumika. Ila ukiviweka vitabu hivi pamoja unaona walichogombania: ardhi, na pesa za serikali ziende wapi. Ile Sera Namba 10 ya 1965, iliyotoka Mboya akiwa waziri wa mipango, ilisema fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali ambapo zitazaa zaidi. Kuna kaunti zinalalamikia jambo hilo hadi leo.

Julai 5, 1969, Mboya akapigwa risasi akitoka duka la dawa, barabara inayoitwa sasa Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Oktoba mwaka huo KPU ikapigwa marufuku na Odinga akazuiliwa. Kila nikipita ile sanamu yake pale tao sioni tena malaika wala msaliti. Naona kijana wa karo iliyokatika, aliyefanya makubwa na pia akafanya siasa chafu.

Ukitaka kuanza na huna pesa, kuna maktaba Kaloleni na Makadara, matawi ya ile McMillan iliyofunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao hadi 1958. Babu zetu hawangeruhusiwa kuketi pale. Wewe unaruhusiwa, enda. Chukua viwili vya watu waliokosana.

Juzi jamaa wa mikutano alinipigia. “Buda, mtu wetu anakuja Jumapili. Mia tano iko.”

Nikamuuliza mtu wetu anasema nini kuhusu karo ya vyuo na hizi nyumba za kaunti tunazoishi. Akanyamaza kidogo, akasema atauliza anipigie.

Hajapiga. Kitabu cha Mboya sasa kiko kwa kinyozi, kando ya mashine, na kile cha Kaggia fundi wa viatu amekataa kurudisha.