Miaka Iliyokosa Jina

Mtu akitaja miaka ya sitini mbele ya mzee wa Dar es Salaam, wa Mombasa au wa Kampala, hahitaji kufafanua muradi wake, kwa kuwa papo hapo msikilizaji huziona bendera mpya zikipanda milingotini: ya Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, ya Uganda Oktoba 1962, ya Kenya Desemba 1963, na baada ya mwezi mmoja tu, Mapinduzi ya Unguja. Akitaja miaka ya sabini, vitakumbukwa vijiji vya ujamaa, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na vita vya Kagera. Lakini atakapotaka kuitaja ile miaka kumi iliyoanza 2000 na kukoma 2009, ambayo aghalabu ya wasomaji wa ukurasa huu waliiishi wakiwa na akili zao timamu, ulimi utasita. Aseme miaka ya elfu mbili? Huyu atafahamu kuwa ni miaka kumi, yule atadhani ni karne nzima, na wa tatu, ambaye hana kosa lolote, atahesabu mpaka mwaka 2999.

Sababu ya kwanza imo katika hesabu yenyewe. Majina tuliyoyazoea yametokana na makumi, ishirini, thelathini, arubaini hadi tisini. Na pale ambapo pana sifuri mahali pa makumi, hapana neno la kushika. Waingereza walipatwa na taabu hiyo hiyo. Baadhi yao walilichukua neno lao la kale la sifuri wakaunda jina “noughties”, ambalo matamshi yake hayaachani na ya neno lao lenye maana ya utukutu, na kwa hiyo wengi hawakupenda kulitumia katika maandishi ya heshima. Wamarekani nao wakarejea kwenye “aughts”, neno la zama za babu zao, ambalo vijana waliliona geni. Hata ilipofika Januari 2010, wataalamu wa American Dialect Society walipokutana kulichagua neno la muongo uliokwisha, wakalichagua “google”, yaani kutafuta habari kwa kompyuta, muongo wenyewe ulikuwa haujapata jina la muafaka.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa sifuri kuleta dhiki hii. Miaka ya 1900 hadi 1909 ilikuwa na upungufu ule ule, ila Uingereza iliokolewa na nasibu: Mfalme Edward VII alitawala tangu 1901 hadi 1910, karibu sawasawa na muongo, na mpaka leo nyumba, mavazi na adabu za wakati huo huitwa kwa jina lake. Taifa lililopata mfalme wa kadiri hiyo halikuwa na haja ya kubuni neno.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kuwa jina la zama halipatikani kwa kutafutwa. Mwandishi F. Scott Fitzgerald alifanikiwa kuipa miaka ya 1920 ya Marekani jina la zama za muziki wa jazi zikiwa bado zinaendelea, kwa kitabu alichokitoa 1922. Lakini bahati hiyo ni haba. Miaka ya 1840, ambayo Waingereza huiita miaka ya njaa, ilipata jina hilo mwaka 1904 katika kitabu cha Jane Cobden Unwin, wakati ambapo walioionja njaa ile walikuwa wazee wachache waliosalia. Kadhalika miaka ya 1890 iliitwa miaka ya furaha na Wamarekani wa miaka ya 1920, waliokuwa wakiitazama kwa mbali na kwa shauku, wakisahau kwamba ndani yake kulikuwa na mporomoko mkubwa wa mabenki ulioanza 1893. Jina hutoka kwa anayekumbuka, si kwa anayepita, na kumbukumbu huchagua.

Kuna wanaodhani kwamba baraza likikaa likaamua, jina litashika. Umoja wa Mataifa umetangaza miongo mingi tangu 1961, ulipoitangaza miaka ya sitini kuwa Muongo wa Maendeleo. Na ule Muongo wa Wanawake, 1976 hadi 1985, ulihitimishwa hapa kwetu kwa mkutano mkubwa uliofanyika Nairobi Julai 1985. Kazi iliyofanywa katika miongo hiyo ni adhimu, nami siidunishi hata kidogo. Lakini sijapata kumsikia mama sokoni akisema kwamba mtoto wake alizaliwa katika Muongo wa Wanawake. Atasema alizaliwa wakati wa ukame, au wakati wa foleni za sukari, au mwaka ule alipofariki fulani.

Hiyo ndiyo desturi yetu, nayo ina nguvu kuliko kalenda. Tanzania husema enzi za Mwalimu, kisha wakati wa ruksa, yaani ile miaka ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, 1985 hadi 1995, pale milango ya biashara ilipofunguliwa na maduka yaliyokuwa matupu yakajaa. Kenya husema enzi za Nyayo, miaka 24 ya Rais Moi. Mtu aitazame vyema hesabu ya Tanzania: Mwinyi alitawala miaka kumi, Mkapa kumi hadi 2005, Kikwete kumi hadi 2015, kila mmoja akianzia kwenye tano na kukomea kwenye tano. Kwa hiyo tunayo miongo kamili yenye majina yanayofahamika na wote, ila imekatwa katikati ya ile ya kalenda, na miaka ya 2000 hadi 2009 imegawanyika nusu kwa nusu baina ya marais wawili. Kenya nayo ilibadili utawala mwishoni mwa 2002. Uganda haikubadili kabisa tangu 1986, na jina la utawala lililoenea kiasi hicho haliwezi kuutenga muongo mmoja na mwingine. Ile nasibu iliyowaokoa Waingereza haikutufikia.

Na lau mtu atasema kwamba jina la hesabu tupu haliwezi kupendwa na watu, pwani yetu inamkanusha. Kabla neno muongo halijafanywa istilahi ya miaka kumi, lilikuwa ni siku kumi. Mwaka wa jua wa mabaharia na wakulima wa pwani, unaoanza kwa Nairuzi, siku ambayo huko Makunduchi husherehekewa hadi leo kwa Mwaka Kogwa, ulikuwa na miongo 36 na siku tano za ziada, jumla yake 365. Mwaka wa mwezi mwandamo hauwezi kumwongoza mkulima, kwa kuwa Ramadhani huweza kuangukia masika au kiangazi. Basi alihesabu miongo tangu Nairuzi, akajua ni muongo upi wa kulima, upi wa kupanda, na nahodha naye akajua ni upi wa kungojea kusi na upi wa kungojea kaskazi. Hesabu ilidumu vinywani kwa sababu mtu aliikosea kwa gharama ya mavuno yake au ya chombo chake.

Muongo wa kwanza wa karne hii haukutudai hesabu ya namna hiyo, ingawa ulijaa mambo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuka mwaka 2000. Ada ya shule za msingi ilifutwa Tanzania, kisha Kenya Januari 2003, na madarasa yakafurika. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na kabla mwaka haujaisha nchi hiyo hiyo ikaingia katika umwagaji damu wa baada ya uchaguzi. Ni vigumu neno moja kuyabeba yote hayo, na lile litakaloyasahau maafa ili liitwe la neema litakuwa limewadhulumu waliozika jamaa zao. Lau ningeulizwa, ningeridhika na miaka ya simu ya mkononi, kwa kuwa ndicho kitu kilichoingia nyumba ya tajiri na ya maskini pamoja, na ambacho kila aliyeishi wakati huo anaikumbuka namba yake ya kwanza.

Kwa sasa iko haja ya karibu zaidi. Yapo maandishi yanayosema “miaka ya ishirini” bila kuongeza neno, na msomaji hajui kama anapelekwa kwa Gavana Cameron na utawala wa Waingereza Tanganyika, au kwenye barakoa za korona. Na miaka ya thelathini inakaribia na shaka hiyo hiyo. Mwandishi na aitaje karne, hata kama sentensi itakuwa ndefu.